Walinzi wa Siri na Haki za Watu: Mambo Yaliyoipata Marekani

Kila mji hupenda kuwa na mlinzi. Usiku watu wakilala, yeye yu macho. Anasikiliza nyayo, anatazama nani anapita. Twampa fimbo, twampa taa, pengine na ufunguo. Lakini tukisha kumpa ufunguo, swali jingine laja: naye mlinzi, nani anamtazama? Akiingia nyumbani mwetu na kusoma barua zetu, tutajuaje? Na tukijua, tutamshtaki kwa nani?

Swali hilo si la kijiji tu. Mataifa makubwa yamelikuta, yakalijibu mara vizuri, mara vibaya. Leo twataka kueleza jinsi nchi ya Marekani ilivyojaribu kutengeneza kazi ya walinzi wake wa siri, ili wawashike magaidi bila kuwanyang'anya raia haki zao. Twaichagua Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, mambo yake mengi yako wazi, maana wabunge wake wenyewe waliyachungua na kuyatangaza. Pili, habari hii inapita kwetu: inapita Leopoldville mwaka 1960, tena inapita Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998.

WALINZI WASIO NA SHAHIDI

Mwaka 1947, vita kuu ya pili imekwisha, Prezidenti Truman alitia sahihi sheria iliyozaa C.I.A., idara ya kupeleleza mambo ya nchi za nje. Sheria hiyo iliikataza kufanya kazi ya polisi ndani ya nchi. Ndani ilikuwako F.B.I., polisi ya serikali kuu. Hiyo iliongozwa na mtu mmoja, J. Edgar Hoover, tangu 1924 mpaka alipokufa mwaka 1972. Miaka 48 mkubwa ni yule yule! Maprezidenti wanane walimkuta au walimweka, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Mwaka 1952 iliongezwa idara ya tatu, N.S.A., ambayo kazi yake ni kusikiliza telefoni na habari zipitazo hewani.

Hofu ya siku zile ilikuwa ukomunisti, wala haikuwa hofu ya bure, maana Warusi nao walikuwa na wapelelezi wao kila mahali. Lakini mlinzi asiye na shahidi hupanua kazi yake pole pole. Leo amtazama adui, kesho amtazama yule anayefanana na adui, kesho kutwa amtazama kila asiyempenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1956 F.B.I. ilianza mpango wa siri ulioitwa COINTELPRO. Kwanza uliwalenga Wakomunisti. Baadaye ukawafikia wengine wengi, hata Weusi waliodai haki zao. Shabaha haikuwa kuwapeleka watu mbele ya mwamuzi. Ilikuwa kuwavunja: kutia fitina kati ya rafiki na rafiki, kutuma barua zisizo na jina, kumharibia mtu kazi yake. Mchungaji Martin Luther King, aliyepigania haki za Weusi bila silaha, alitegewa vyombo vya kusikilizia katika vyumba vya hoteli alimolala. Mwezi wa Novemba 1964, majuma machache kabla ya kupokea tuzo ya Nobel, alipelekewa kifurushi chenye utepe wa sauti na barua ya matusi isiyo na jina. Yeye na wenzake waliielewa kuwa yamshawishi ajiue.

C.I.A. nayo ilikanyaga mpaka iliowekewa. Kuanzia 1953 hata 1973 watu wake walifungua barua zilizopita posta ya New York, wakazipiga picha. Hesabu yake ilikaribia robo ya milioni.

Na hapa habari inaingia kwetu. Mwezi wa Septemba 1960 mtaalamu wa sumu wa C.I.A. alifika Leopoldville. Alimletea mkubwa wa C.I.A. wa pale sumu ya kumwulia Patrice Lumumba. Sumu ile haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, kwa amri ya wakubwa wa Katanga na mbele ya maofisa Wabelgiji. Uchunguzi wa baraza la Seneti la Marekani haukuona ushahidi kwamba Wamarekani walikuwamo katika tendo lenyewe. Lakini fikirini neno hili: sumu ilivuka bahari kwa jina la raia wa Marekani, na raia hao hawakujua hata kidogo. Walikuja kujua baada ya miaka 15.

MLANGO UNAFUNGULIWA

Walijuaje? Mwezi wa Desemba 1974 gazeti la New York Times lilitoa habari kwamba C.I.A. imewapeleleza raia ndani ya nchi. Watu wakakasirika. Tarehe 27 Januari 1975 Seneti ikaweka Komisyoni ya wajumbe 11, mkubwa wake Senatori Frank Church wa Idaho. Komisyoni iliita mashahidi, ikasoma karatasi za siri, na mwezi wa Novemba 1975 ikachapa kitabu juu ya njama za kuua wakubwa wa nchi nyingine. Jina la Lumumba limo, na la Fidel Castro wa Kuba limo.

Wengine walilalamika kwamba Komisyoni yawavua walinzi nguo mbele ya adui. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo mkubwa wa C.I.A. katika mji wa Athens aliuawa kwa risasi mlangoni pake, na kelele zikazidi. Jina lake halikutolewa na Komisyoni. Hata hivyo malalamiko yale hayakuwa upuzi mtupu: kazi nyingine hazifanyiki bila siri. Basi shida ilikuwa kutafuta namna ya kutunza siri huku mtu fulani, aliye nje ya idara, akijua yanayotendeka.

Namna hiyo ilipatikana kwa hatua nne. Mwezi wa Februari 1976 Prezidenti Ford alikataza watumishi wa serikali kuua watu kwa sababu za siasa. Mwaka huo sheria iliamuru kwamba mkubwa wa F.B.I. asikae kitini zaidi ya miaka 10. Seneti mwaka 1976, na Baraza la Wajumbe mwaka 1977, zikaweka kamati za kudumu ambazo idara za siri zalazimika kuzieleza kazi zao. Mwisho, mwezi wa Oktoba 1978, Prezidenti Carter alitia sahihi sheria iitwayo FISA. Hiyo iliunda mahakama ya siri, kwanza yenye waamuzi saba. Mlinzi akitaka kutega sikio katika telefoni ya mtu ndani ya nchi kwa ajili ya upelelezi, sharti aende kwa mwamuzi na kumweleza: ni mtu gani, na kwa nini twamdhania kuwa mtumishi wa serikali ya kigeni au wa kundi la magaidi.

Angalieni, sheria hii haikumziba mlinzi masikio. Ilimwambia tu: kabla hujasikiliza mlangoni, mwambie mwamuzi ni mlango upi.

NJIA ILIYOANZIA NAIROBI

Ikapita miaka 20. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa asubuhi, magari mawili yenye mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja, moja penye ubalozi wa Marekani Nairobi, jingine penye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu, na wengi walipofushwa na vipande vya vioo. Kati ya wafu wa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12 tu; karibu wote wengine walikuwa Wakenya, waliokuwa kazini, au wakipita njiani, au katika jengo la Ufundi lililoporomoka. Kundi la al-Qaeda ndilo lililofanya.

Wapelelezi walipofuata nyayo za wauaji wale, waliona namba ya telefoni ya nyumba moja huko Yemen, iliyotumiwa na kundi hilo kupashana habari. Wakaanza kuisikiliza. Mwisho wa mwaka 1999 walisikia kwamba watu fulani watakutana Kuala Lumpur, katika nchi ya Malaysia. Mwezi wa Januari 2000 watu hao walipelelezwa huko na kupigwa picha. Mmoja aliitwa Khalid al-Mihdhar. C.I.A. ilipata hata nakala ya pasi yake, yenye ruhusa ya kuingia Marekani. Mwingine aliitwa Nawaf al-Hazmi. Mwezi wa Machi C.I.A. ikapata habari kwamba al-Hazmi amekwisha kupanda ndege kwenda Los Angeles.

Sasa sikilizeni. Jina la mtu huyo halikutiwa katika orodha ya wasioruhusiwa kuingia. F.B.I., ambayo kazi yake ni kulinda ndani, haikuarifiwa sawasawa. Wale wawili wakakaa San Diego. Hawakujificha pangoni; jina la al-Hazmi lilichapwa katika kitabu cha telefoni cha mji. Tena kwa muda walipanga chumba kwa mtu aliyekuwa akiipa F.B.I. habari, wala hakuna aliyeunganisha mambo hayo.

Mwezi wa Julai 2001 mtu wa F.B.I. wa Phoenix aliandika kuwaonya wakubwa wake juu ya vijana waliokuwa wakijifunza urubani. Barua yake haikufuatwa. Mwezi wa Agosti mwanafunzi mmoja wa urubani alikamatwa Minnesota. Habari yake haikuunganishwa na barua ya Phoenix. Hatimaye, mwisho wa mwezi huo wa Agosti, majina ya wale wawili yalitiwa katika orodha na F.B.I. ikaanza kuwatafuta. Mpelelezi mmoja wa New York aliomba kusaidia. Akajibiwa kwamba haruhusiwi, maana yeye ni wa kazi ya kesi, na habari hiyo ni ya upelelezi. Akaandika kwa hasira kwamba siku moja mtu atakufa kwa jambo hili.

Tarehe 11 Septemba 2001 watu 19 waliteka ndege nne. Karibu watu 3,000 waliuawa, New York, Washington na Pennsylvania. Al-Mihdhar na al-Hazmi walikuwa katika ndege iliyopiga jengo la Pentagon.

Msomaji atauliza: je, si zile sheria za haki zilizomzuia mpelelezi wa New York? Ni swali la haki. Kweli, palikuwa na kanuni za kutenganisha kazi ya upelelezi na kazi ya kesi, ili mahakama ya siri isitumiwe kama mlango wa nyuma wa polisi. Lakini waliochungua baadaye waliona kwamba kanuni hizo zilieleweka vibaya. Watumishi walijikataza hata mambo ambayo hazikukataza. Wala hakuna sheria ya haki za raia iliyozuia C.I.A. kutia jina la mgeni katika orodha. Wahenga wasema: kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vilikuwako vyote. Mkono ndio uliokosekana.

DAWA NA UGONJWA

Mtu aliyeumwa vibaya hunywa dawa yoyote anayopewa. Siku 45 baada ya msiba, Prezidenti Bush alitia sahihi sheria ndefu iitwayo Patriot Act. Katika Seneti wajumbe 98 waliikubali; mmoja tu, Russ Feingold wa Wisconsin, aliikataa. Sehemu yake moja ilikuwa na maana: iliondoa vizuizi ili wapelelezi na watu wa kesi wasemezane. Sehemu nyingine zilifungua milango mipana.

Na yako mambo yaliyofanyika nje ya sheria yoyote iliyosomwa na watu. Mwezi wa Oktoba 2001 Prezidenti aliiruhusu N.S.A. kwa siri kusikiliza maneno ya watu walioko Marekani wakisemezana na walioko nje, bila kwenda kwa mwamuzi wa FISA. Raia walijua mwezi wa Desemba 2005 tu, kwa gazeti. C.I.A. iliwafunga watu katika magereza ya siri, ikawatesa, wengine kwa kuwamwagia maji mpaka wakaona wanakufa. Mwaka 2014 kamati ya Seneti ilitangaza kwamba waliofungwa hivyo walikuwa watu 119 au zaidi, na wasiopungua 26 kati yao hawakustahili kufungwa hata kwa kanuni za C.I.A. yenyewe. Kamati ilisema pia kwamba mateso hayakuwa njia ya kupata habari za kweli, C.I.A. ilibishana nayo juu ya neno hilo. Prezidenti Obama alikuwa amekwisha kuyakataza mwezi wa Januari 2009.

Hata hivyo wengine walitafuta dawa inayolingana na ugonjwa. Mwisho wa 2002 iliwekwa Komisyoni ya watu kumi, watano wa chama kimoja na watano wa chama cha pili, mkubwa wake Thomas Kean, na msaidizi wake Lee Hamilton. Mwezi wa Julai 2004 walitoa kitabu kinachoeleza siku kwa siku mambo tuliyoyasimulia hapo juu. Mwezi wa Desemba sheria ikafuata. Iliweka mkubwa mmoja wa idara zote za upelelezi. Iliimarisha biro moja ambamo watu wa C.I.A., wa F.B.I. na wengine hukaa meza moja na kusoma habari zile zile za magaidi. Na kwa shauri la Komisyoni ile ile iliweka Bodi ya kutunza haki za raia, maana walisema: serikali ikiomba nguvu zaidi, ni juu yake kuonyesha kwamba nguvu hiyo yafaa. Bodi hiyo kwanza ilikuwa mtoto wa ofisi ya Prezidenti, haina meno. Mwaka 2007 sheria nyingine iliifanya huru.

Mwaka 2013 Bodi ilipata kazi kubwa. Mwezi wa Juni Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa N.S.A., aliwapa waandishi wa magazeti karatasi za siri. Zilionyesha kwamba serikali ilikuwa ikikusanya kila siku hesabu za telefoni za mamilioni ya raia: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Wakubwa walijitetea. Walisema: kama tungalikuwa na mpango huu mwaka 2001, tungalimwona al-Mihdhar akipiga telefoni Yemen kutoka San Diego.

Bodi ikachungua neno hilo. Mwezi wa Januari 2014 ikajibu kwamba nyumba ya Yemen ilikuwa imejulikana, na telefoni yake ilikuwa ikisikilizwa. Kilichokosekana ni watu kuambiana. Tena katika mambo yote waliyoonyeshwa, wajumbe hawakuona hata shambulio moja lililozuiwa kwa kuwa hesabu za raia wote zimekusanywa. Waliona mtu mmoja tu aliyegunduliwa kwa njia hiyo, naye hakuwa akipanga kushambulia Marekani. Mwezi wa Juni 2015 Bunge lilikomesha mkusanyo ule. Tangu hapo hesabu zilibaki kwa makampuni ya telefoni, na mlinzi aliyezitaka ilimpasa kwenda kwa mwamuzi na kutaja anamtafuta nani. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ilisema kwamba mkusanyo wa zamani ulivunja sheria.

TUNAJIFUNZA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba usalama na uhuru ni kama mizani: ukiongeza upande huu, upande ule sharti upungue. Habari tuliyoisimulia haikubali hivyo. Wafu wa Nairobi waliacha njia iliyo wazi, kutoka Yemen hata San Diego. Njia hiyo haikupotea kwa sababu raia walikuwa na haki nyingi mno. Ilipotea kwa sababu walinzi walifichana habari wao kwa wao. Kisha raia walinyang'anywa siri za telefoni zao ili kutibu ugonjwa ambao haukuwa wao.

Siri isiyo na shahidi hudhuru pande mbili. Yamdhuru raia, maana hawezi kujitetea. Yamdhuru na mlinzi, maana kosa lake halionekani mapema ili lisahihishwe. Mwamuzi anayeuliza, mbunge anayesoma, mwandishi anayechungua: hao si adui wa mlinzi. Ndio wanaomzuia asikusanye nyasi zote za shamba anapotafuta sindano moja.

Sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa sana. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya Mobutu, jinsi maneno yalivyokatika mgeni asiyejulikana alipokaa karibu na meza. Nchi ya namna ile yaweza kuwa kimya, lakini haina usalama, maana mtu anayeogopa mlinzi hatamwambia hata habari ya mwizi aliyemwona kwa macho yake. Na katika Ubelgiji nako, kamati ya Bunge ilichungua kifo cha Lumumba, na mwaka 2001 ikasema kwamba baadhi ya mawaziri wa zamani wa Ubelgiji walikuwa na lawama katika dhamiri. Mwaka uliofuata serikali yao ikaomba radhi. Ilichukua miaka 40. Shahidi aliyechelewa ni bora kuliko kukosa shahidi, lakini marehemu hafaidiki.

Wala sheria iliyoandikwa haitoshi peke yake. Mwezi wa Januari 2025 wajumbe watatu wa ile Bodi ya haki waliondolewa na Prezidenti kwa mara moja, akabaki mmoja. Wawili kati yao wakaenda mahakamani kudai viti vyao. Kiti cha shahidi kilichojengwa kwa taabu baada ya msiba kilikuwa karibu kitupu. Basi kazi hii haiishi siku moja. Kila kizazi chapaswa kumwuliza mlinzi wake swali lile lile, bila matusi na bila hofu: jana usiku ulifungua mlango upi, na nani alikuwa na habari?